Mhuri wa Mtunza Ghala

Nafusa hakuzaa, lakini watu wa Qurna, kijiji kilichojengwa juu ya makaburi ya kale ya Misri, walimwita Mama Ghaibu, mama wa mtoto asiyekuwepo, maana mwanamke mzima haitwi jina lake tupu kama msichana wa kuchota maji. Hakulichukia jina hilo. Alilizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana kidogo.

Ajabu ni kwamba dawa ya uzazi ilikuwa kwake. Alikuwa na mbawakawa wa jiwe, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, rangi ya kijani iliyofifia, mgongo laini na tumboni michoro ya watu wa kale. Mama mkwe wake, marehemu Zannuba, alimvika shingoni siku ya harusi, na tangu hapo hakumvua ila kwa kuazimisha. Bibi harusi ambaye miezi ilimpita bure alikuja kumchukua, akamlaza kwenye beseni la maji usiku kucha, asubuhi akayaoga maji yale na kumruka mbawakawa huku na huku. Wengi walishika mimba. Pengine wangeshika hata hivyo, lakini hakuna aliyejali kupima. Walimrudisha na kuku, au kipande cha sabuni, au maneno matamu tu, na Nafusa akamfunga tena shingoni bila kuuliza kitu.

Mwaka ule alikuja Inshirah, binti wa mwalimu wa mji wa Asyuti, aliyekuwa akisomea maandishi ya kale. Alipita nyumba kwa nyumba na mkebe wa nta, akiomba kuonyeshwa mbawakawa kama huyo, maana nyumba nyingi zilikuwa nao. Hakuwa akiwanunua. Alibandika tumbo la kila mmoja kwenye nta, alama ikabaki, akamrudishia mwenyewe, kisha akaenda kuisoma alama kwake, polepole. Wanaume walimshuku kwamba ametumwa na serikali. Wanawake walimwonea huruma kwa sababu alikuwa mwembamba.

Alipofika kwa Nafusa, jirani yake Shafiqa alikuwa amekaa pale, anachambua dengu na kuchambua watu.

"Karibu, mwanangu," alisema Shafiqa kabla mwenye nyumba hajafungua mdomo. "Hivi kwenu Asyuti hamli? Au kusoma kunakula nyama?"

"Tunakula, mama. Inaishia njiani."

Nafusa alicheka. Alimvua mbawakawa, akampa. Inshirah alimgeuza kwenye mwanga wa mlango, akapuliza vumbi, akambana kwenye nta na kumtoa taratibu. Alikodoa macho muda mrefu.

"Anasemaje?" aliuliza Nafusa. Miaka yote amembeba kifuani, na hakuwahi kufikiri kwamba huyu mdudu anasema.

"Bado sijui. Hapa pembeni pamemeguka, na pale palipomeguka ndipo penye neno lenyewe. Nipe siku chache."

"Ni dua ya watoto," Shafiqa alisema. "Lazima. Mkwe wangu amepata mapacha."

Inshirah alirudi wiki iliyofuata, uso umechangamka kama wa mtu aliyepata kitu alichokipoteza. Alikataa hata chai. Shafiqa naye, aliyemwona akipanda kilima, alikuwa ameshawahi kufika, safari hii bila dengu.

"Nimempata!" alisema Inshirah. "Kile kilichomeguka ni mchoro wa nyumba, nikawa nausoma kama mdomo. Ukishajua ni nyumba, yaliyobaki yanakaa sawa. Inasema: Mtunza ghala, Ankhu. Ni mhuri, mama. Alikuwa mtu wa kutunza ghala la nafaka. Jioni anafunga mlango, anazungusha kamba kwenye kigingi, anabandika udongo juu ya fundo, kisha anagonga mhuri huu. Asubuhi udongo ukiwa mzima, anajua hakuna aliyefungua."

"Kwa hiyo ni kitu cha kufungia," Shafiqa alisema.

"Ndiyo! Cha kufungia mlango."

Shafiqa alimtazama Nafusa shingoni, akateremsha macho hadi tumboni, kisha akasimama na kukung'uta nguo yake ambayo haikuwa na kitu.

"Nimeacha mkate juani uumuke," alisema, akatoka.

Kabla mkate wa Shafiqa haujaumuka, Qurna nzima ilikuwa na habari. Hakuna aliyekuja tena kuazima. Mama mmoja ambaye mkwewe aliharibikiwa na mimba alisimama mlangoni kwa Nafusa na kusema, ili majirani wasikie, kwamba nyumba nyingine zinagawa makufuli na kuyaita funguo. Nafusa aliingia ndani, akafungua uzi, akamtumbukiza mbawakawa kwenye mtungi mtupu wa samli.

Jioni alimwekea mumewe Madbuli bakuli la mboga ya mlokhia, akakaa mbele yake bila kula.

"Mama yako alijua?"

"Mama? Mama alikuwa hajui hata jina lake limeandikwaje."

"Kwa hiyo nimevaa kufuli tangu harusi yangu."

Madbuli alimega mkate, akaushika bila kuuchovya. Alikuwa mchimbaji wa wageni waliofukua makaburi ya kale, mtu wa kubeba vikapu vya mchanga, na hakuwa na maneno mengi. "Nikamtupe mtoni?"

"Hapana."

"Basi unataka nini, Nafusa?"

Hakujua. Kilichomuuma hakikuwa kufuli. Kwa miaka mingi alikuwa amekubali kwamba mimba haikuandikwa kwake, na jambo ambalo halikuandikwa mtu hulibeba. Sasa binti wa Asyuti amekuja kumwambia kwamba kuna lililoandikwa, na aliyeandika ni karani wa shayiri.

Inshirah alikuja kuomba radhi. Hakukaribishwa kukaa.

"Mama, ile ni kazi yake ya zamani tu. Jiwe halifungi tumbo la mtu, wala halifungui."

"Hilo ungelisema kwanza."

"Ungependa niongope kuhusu maandishi?"

"Nilikwambia usome," Nafusa alisema. "Sikukwambia useme mbele ya Shafiqa."

Binti aliinamisha kichwa. Hakujitetea, na hilo Nafusa alilitia akilini.

Zikapita wiki. Kisha adhuhuri moja, wanaume wamelala na mbwa wamejibanza kivulini, aligonga Galila, mke wa mvushaji wa mashua. Alikuwa na mtoto mgongoni, mwingine kiunoni, na wengine aliwaacha nyumbani wakipigana.

"Mama Ghaibu, dada yangu, yule mdudu wako bado unaye?"

"Wa nini? Hujasikia anachofanya?"

"Nimesikia. Ndiyo maana nimekuja." Galila alishusha pumzi. "Nimechoka. Mume wangu akitundika shati lake karibu na langu, nashika mimba. Niazime anifunge."

Nafusa alicheka kwa mara ya kwanza tangu habari ile, kisha akaacha. "Mimi sijui kama anafunga kweli, Galila."

"Si wewe mwenyewe ushahidi?"

Galila alisikia alichosema, akaziba mdomo kwa shela yake. Mtoto wa kiunoni alianza kulia. Neno lilimwingia Nafusa kama maji baridi. Lakini alipoitafuta hasira yake hakuiona, maana mwanamke huyu hakuja kumcheka. Alikuwa amekuja kuomba, macho yakiwa na kope nyekundu za mtu asiyelala. Akaenda kwenye mtungi, akaingiza mkono, akamtoa mbawakawa amepakaa samli kavu.

"Mchukue. Usimrudishe."

"Nikae naye kabisa?"

"Kabisa. Akija mtu kumuulizia, yuko kwako. Wa kufunga na wa kufungua, wote watakuja kwako."

Nao walikuja. Kama Galila mwenyewe alifungwa hakuna awezaye kusema, maana mumewe mwaka ule alikwenda Kuwait kujenga majumba, na mbawakawa akapewa sifa yote.

Nafusa alihisi shingo yake nyepesi, akawa anaishika mara kwa mara kama mtu aliyesahau kitu. Baadaye alimtuma Madbuli amwite Inshirah.

"Nasikia milango mingi hawakufungulii," alimwambia.

"Hawanifungulii, mama. Tangu yale."

"Mimi watanifungulia. Nusu ya nyumba hizi wamewahi kuja kwangu."

Wakaanza kutembea pamoja. Nafusa alitangulia, akapiga hodi, akauliza hali za watoto kwa majina, na mbawakawa wakatoka mifukoni, kwenye mitungi, kwenye mapindo ya nguo. Alijifunza kulainisha nta kwa kiganja. Alijifunza mchoro wa nyumba, na wa jicho, na wa bata anayeruka, ingawa kusoma hakusoma.

Katika nyumba moja ya upande wa kaskazini, ajuza mmoja alimtoa wake kwenye kitambaa, akamshikilia muda kabla ya kumwachia.

"Pigeni nta yenu," alisema. "Lakini msiniambie anasemaje. Nimekwishazeeka naye."

Inshirah alimtazama Nafusa. Nafusa alimpokea mbawakawa kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye mwanga. Alikuwa wa bluu, mzima, hakumeguka popote.

"Hatutasema, mama," alijibu, akambana kwenye nta.