Kompyuta Nane za Stoo ya Pamba

Kila asubuhi, kabla kengele haijagongwa, Mwalimu Rhoda alizipuliza kompyuta zake kwa pampu ya baiskeli. Zilikuwa nane, zimepangwa juu ya madawati katika chumba kilichowahi kuwa stoo ya pamba. Pamba yenyewe ilihama miaka mingi iliyopita, lakini nyuzi zake hazikuhama. Zilitoka kwenye nyufa za ukuta, zikaelea, zikaingia kwenye feni za mashine na kujisokota humo kama ndege anayejenga kiota. Usipopuliza asubuhi, mchana mashine inachemka na kuzima.

Siku hiyo alipuliza tangu saa kumi na mbili, kwa sababu ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha watahiniwa. Saa nane mchana mkaguzi angekuja. Akizikuta kompyuta zinafanya kazi, wanafunzi saba wa kidato cha nne wataandikishwa kufanya mtihani wa somo la kompyuta. Akizikuta hazifanyi kazi, somo linafutwa shuleni na majina saba yanakatwa. Jenipha, binti wa mkulima kutoka Zagayu, alikuwa na barua ya chuo cha ufundi inayosema wazi kwamba bila somo hilo asijisumbue kuomba.

Rhoda alikuwa mwalimu wa kujitolea. Maana yake unajua: kazi ni yako, mshahara ni wa Mungu. Mwaka wa pili ulikuwa unakatika.

Kompyuta zile zilikuja zikiwa zimetupwa. Zilitoka katika ofisi moja ya mjini, zikashushwa kwenye trekta, na pamoja nazo diski yenye mfumo mpya, shule ikaambiwa iweke huo. Mfumo mpya ulipowekwa uliandika mstari mmoja kwamba mashine hizi ni za zamani mno, ukanyamaza. Mfumo mwingine wa bure, ambao Rhoda aliupata, uliwaka, lakini ulichukua dakika ishirini kufungua ukurasa mmoja. Hapo ndipo alipoamua kuitengeneza upya kerneli.

Usiogope jina. Kerneli ndiyo mama wa nyumba ndani ya kompyuta. Ndiye anayejua kibodi iko wapi, kioo kinawashwaje, nani apewe nafasi na nani asubiri. Mama huyu aliletwa akiwa amefundishwa kazi za nyumba kubwa yenye vyumba mia, akaingizwa kwenye kibanda. Vitu alivyobeba kichwani vilikuwa vingi kuliko kibanda chenyewe. Dawa ni kumpunguzia. Na kumpunguzia ni kujibu maswali, maelfu, moja moja: una kifaa hiki? Ndiyo au hapana. Una kile? Ndiyo au hapana. Kila ndiyo inaongeza mzigo, kila hapana inaupunguza.

Rhoda alijibu kwa siku tatu. Una kamera? Alikitazama chumba. Hapana. Una kisoma alama za vidole? Hapana. Una intaneti ya hewani? Hapana. Una flashi, au kitu chochote cha kuhifadhia cha kuchomeka? Alifikiri. Katika shule nzima hakuna aliyekuwa na flashi. Hata hiyo kerneli aliipakua kwenye simu yake pale Bariadi, kwenye duka la Salimu fundi simu, akaja kuivuta kwa waya. Hapana, akajibu, na alijibu kweli.

Asubuhi hiyo mashine yenye nguvu kuliko wenzake ilikuwa inaisuka kerneli hiyo upya kufuata majibu yake, kazi ya muda wa saa sita. Mistari ilipanda kwenye kioo, myeupe, bila kukoma. Wanafunzi saba waliketi wakiitazama kama watu wanaochunga sufuria ya maharage, na Rhoda akaona wanazidi kuingiwa na hofu.

"Kitendawili," akasema.

"Tega!"

"Anakula pamba mchana kutwa na hashibi."

"Mnunuzi wa pamba!" alisema Nathanael, na darasa likacheka.

"Huyo anashiba. Mwingine?"

"Ng'ombe. Mbuzi. Madamu, tumeshindwa."

"Nipeni mji."

"Chukua Mwandoya."

"Mwandoya kuna vumbi, sitaki."

"Basi chukua Lamadi, madamu, ukale samaki."

"Haya. Nimefika Lamadi, nimekula sato hadi mifupa, nyinyi nimewaachia michembe, viazi vyenu vikavu. Jibu ni feni ya kompyuta."

Waliguna, wakasema hicho si kitendawili, ni uonevu. Jenipha akanyoosha mkono.

"Na mimi. Bibi yangu hachoki kuuliza, na majibu anayokubali ni mawili tu."

Wote walielekeza vidole kwenye mashine.

Saa sita na robo mistari ilikoma. Rhoda aliizima mashine, akaiwasha, akaweka viganja vyake chini ya mapaja asije akagusa kitu. Ukurasa wa kwanza ulifunguka kwa sekunde arobaini. Hakuna aliyepiga kelele. Nathanael alihesabu tena kwa saa ya simu ya Rhoda, ikawa arobaini kweli, ndipo wakapiga kelele. Hadi saa nane kasorobo kerneli ilikuwa imeshanakiliwa kwa waya kwenye zote nane, na zote nane zilikuwa zinawaka.

Mkaguzi aliitwa Bwana Maduhu. Alifika kwa pikipiki, koti limejaa vumbi jekundu, kishikwambi amekifunga tumboni kwa mpira kama mtoto wa mgongoni aliyehamia mbele. Mwalimu mkuu, Mwalimu Bundala, alimpokea kwa mikono miwili na salamu ya Kisukuma.

"Mwadila, mkuu. Pole na safari."

"Mwadila. Bado nina shule tatu leo, Mwalimu. Twende tu."

Aliingia chumbani, akasimama. Alitembea mbele ya mashine polepole, akainama kusoma namba ya zamani iliyochongwa ubavuni mwa mojawapo.

"Hizi si zile za ofisini kwetu? Mimi mwenyewe nilishika hii upande mmoja wakati wa kuitoa. Ilikuwa imekufa."

"Ilikuwa imelemewa tu, mkuu," alisema Rhoda. "Tumeipunguzia mzigo."

"Hongera, madamu. Kweli kabisa, hongera."

Alikifungua kishikwambi. Fomu ilikuwa humo, na Rhoda aliyesimama nyuma ya bega lake aliiona: maswali, na mbele ya kila swali, ndiyo au hapana. Chumba kina mlango? Ndiyo. Kompyuta zinawaka? Ndiyo. Zipo zisizopungua saba? Ndiyo. Bwana Maduhu aligusa haraka haraka. Kisha akatoa flashi mfukoni, nyekundu, akaichomeka.

Hakuna kilichotokea.

Aliichomoa, akaipuliza kwa mdomo, akaihamishia mashine ya pili. Halafu ya tatu. Wanafunzi walimtazama mwalimu wao. Rhoda alikuwa ameshajua tangu ile ya kwanza.

"Hazisomi flashi," alisema Bwana Maduhu.

"Ni mimi, mkuu. Hilo niliondoa mwenyewe wakati wa kupunguza."

"Uliondoa? Sasa mtu anaondoaje flashi, madamu? Si ndiyo kitu cha kwanza?"

"Iliniuliza kama tunayo. Hatuna."

Mwalimu Bundala alitazama viatu vyake.

"Mtihani wa majaribio umo humu," mkaguzi akasema, akiinua kile kidude chekundu. "Wanafunzi waufungue, waufanye kidogo, nione. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nitumie kwenye simu yangu, mkuu. Nitauvuta kwa waya, dakika mbili tu."

"Hapa wameandika flashi. Hawakuandika simu, hawakuandika waya."

"Si kuna mahali pa maelezo?"

Alimgeuzia kishikwambi aone mwenyewe. "Hakuna. Kuna ndiyo na hapana."

"Basi nipe nusu saa. Si kazi ya kuanza upya, ni kurudisha kitu kimoja. Nusu saa tu, mkuu."

Mkaguzi aliangalia saa, akaangalia wale saba, na pengine angekataa kama Mwalimu Bundala asingejikohoza. "Mkuu, kuku yuko mezani tayari."

"Nusu saa," alisema Bwana Maduhu. Akaiacha flashi juu ya dawati.

Rhoda aliyafungua tena maswali. Alishuka nayo hadi kwenye lile, akabadilisha jibu, na mashine ikaanza kusuka. Safari hii hapakuwa na vitendawili. Jenipha alisimama kwenye feni na pampu ya baiskeli, anapuliza bila kuambiwa. Mwingine alisimama mlangoni kuziba upepo. Dakika kumi. Kumi na tano. Mara moja taa ya dari ilififia na wote saba wakavuta pumzi kwa pamoja, lakini umeme haukukatika. Dakika ya ishirini na sita mistari ilikoma. Rhoda aliichukua ile flashi, akaichomeka.

Taa ndogo ikawaka kwenye flashi, ikapepesa. Kwenye kioo likatokea jina: MTIHANI.

"Nenda kamwite," Rhoda alisema, na Jenipha alikuwa ameshatoka mbio. Akaunakili mtihani kwa waya kwenye mashine zote nane, mkaguzi asije akachoka kungoja.

Bwana Maduhu alikuja anafuta mikono kwa leso. Aliinama, akatazama kioo, akaigusa mausi. Ukurasa ulifunguka. Akaufunga, akaufungua tena.

"Inasoma," alisema.

"Inasoma, mkuu."

Hakufurahi. Alikunja leso mara mbili, akaitia mfukoni.

"Madamu, mimi nimeshatuma."

"Umetuma nini?"

"Fomu. Nilikuwa nakula pale dirishani kwa mwalimu mkuu, nikaona mtandao umepita, vijiti viwili. Nanyi mnajua hapa kwenu mtandao ukipita huuachi. Juzi nililala na fomu za shule nne, asubuhi wakaniandikia barua ya onyo. Nikatuma."

"Na kwenye flashi umejibu nini?"

"Kwa wakati ule, madamu."

"Irudishe basi."

"Hairudi." Akamwonyesha. Kioo cha kishikwambi kilikuwa cha kijani, kimeandikwa: Asante, taarifa yako imepokelewa.

"Piga simu."

Alipiga. Ilibidi atoke, apande juu ya kifusi cha matofali nyuma ya choo, mahali wanapopanda walimu wote wakitaka kusikika. Walimwona akizungumza, akitikisa kichwa, akionyesha chumba kwa mkono kana kwamba wa upande wa pili anamwona. Aliporudi aliongea na ukuta.

"Wanasema dirisha la kuandikisha linafunguliwa tena mwakani."

"Mwakani hawa hawapo," alisema Rhoda. "Hawa ni wa mwaka huu."

"Najua, madamu."

Mwalimu Bundala alisema kwamba labda, mkuu, kama kuna njia, na hakumaliza, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamsaidia kumaliza. Bwana Maduhu alitoa kwenye begi karatasi za kubandika, nyekundu, nane. Zilikuwa zimeandikwa MBOVU. Alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba fomu ikienda na hapana, mashine lazima zibandikwe na zipigwe picha, halafu gari litakuja kuzichukua zikapigwe mnada wa vyuma chakavu. Hakupanga yeye.

Alibandika. Mikono yake ilinukia kuku. Alibandika na ile iliyokuwa imefungua mtihani, kwenye kona ya kioo, kwa uangalifu, isifunike maandishi. Akainua kishikwambi apige picha, akakishusha.

"Samahani, madamu. Naomba zizimwe kwanza. Picha ikionyesha zinawaka italeta maswali."

Huyu hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi. Rhoda alipita kwenye mashine moja baada ya nyingine akizizima, na feni zikanyamaza moja moja, hadi wakasikia kuku wa mwalimu mkuu, wale waliobaki, wakiparua nje. Picha nane zikapigwa. Bwana Maduhu alichukua flashi yake, akaaga, akakosa pa kuweka mkono wake wa kuagia, akaondoka. Pikipiki ilisikika hadi barabarani.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Mwalimu Bundala alisema wanafunzi wanaweza kwenda nyumbani. Hawakwenda. Waliketi mbele ya vioo vyeusi, na mwalimu mkuu akaona ni afadhali aende yeye.

"Madamu," alisema Jenipha, "ule mtihani si uliunakili?"

"Niliunakili."

"Tufanye?"

Rhoda alitaka kumuuliza ili iwe nini. Nani atausahihisha, alama zitaandikwa wapi. Lakini msichana alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe cha kuwashia, anangoja ruhusa.

"Fanyeni," alisema.

Ziliwaka zote. Sekunde arobaini. Mtihani ulikuwa jedwali: kilo za pamba za vijiji sita, tafuta jumla, tafuta wastani, panga kuanzia kikubwa. Walifanya kwa ukimya wa mtihani wa kweli, hakuna aliyechungulia kwa mwenzake. Rhoda alitembea katikati ya madawati, mikono nyuma, kama msimamizi.

Nathanael alimaliza wa kwanza. Aliegemea nyuma, akaitazama karatasi nyekundu kwenye kona ya kioo chake.

"Kitendawili," alisema polepole.

"Tega," walijibu wawili watatu, bila kuinua vichwa.

"Maiti wangu anajua kujumlisha."

Jibu walikuwa nalo wote, liko mbele ya macho yao. Hakuna aliyelisema, na hakuna aliyetoa mji.

Jenipha alikuwa wa mwisho. Alihakiki jumla mara mbili, kisha juu ya jedwali akaandika jina lake lote, na jina la shule, na tarehe. Alipotaka kufunga, mashine ikamuuliza kama ahifadhi alichofanya. Ndiyo au hapana. Nje, upepo ulirusha nyuzi za pamba zikaingia dirishani, na Rhoda akanyoosha mkono kuichukua pampu.

Jenipha akabonyeza ndiyo.