Nyasi za Muleba Ndani ya Studio

Nyimbo tisa zilikuwa zimekamilika, na Gozbert, aliyezirekodi, alizipenda kiasi cha kuzisikiliza hata akiwa anamenya ndizi. Wa kumi ndio uliogoma.

Mwenye nyimbo hizo alikuwa Joviana, mwanamke wa makamo kutoka Muleba aliyeimba kantri kwa Kiswahili na Kihaya, kwa gitaa kuukuu na sauti yenye mikwaruzo kidogo. Alitunga kila neno mwenyewe: kahawa juani, mume aliyekwenda Geita akanogewa huko, mvua ya Bukoba isiyojua kuaga. Hii ilikuwa albamu yake ya kwanza. Wimbo wa kumi alimtungia mama yake, Kokwijuka, ambaye masikio yake yalikuwa yakififia mwaka hadi mwaka. Alitaka mama ausikie kabla hayajaziba kabisa.

"Turudie," Gozbert alisema kutoka nyuma ya kioo. "Ila mguu, dada. Mguu!"

Joviana alikuwa na tabia ya kupiga kisigino chini anapoimba. Sakafu ya ile studio ya Rwamishenye ilikuwa ya mbao, na kila kisigino kilipotua, maikrofoni ilikinasa kama mlango unaobamizwa. Gozbert alijaribu zulia. Akajaribu mto.

"Mto wa kulalia!" Joviana alishangaa. "Mdogo wangu, mimi nimekuja kuimba au kujifungua?"

Walicheka. Kisha akaimba mguu ukiwa umetulia, bila kosa hata moja, na wimbo ukatoka umepoa kama uji uliosahaulika. Wote wawili walijua. Joviana akalaza gitaa.

"Tuuache. Albamu itakuwa na nyimbo tisa."

"Dada, huu ndio umebeba zote."

"Basi umechoka kubeba," akasema, akaondoka.

Gozbert alibaki akitazama kiti kitupu. Wenzake wa chuo walikuwa wamebaki Dar es Salaam. Yeye alirudi kwa sababu aliamini nyimbo za kwao zinastahili kurekodiwa kwa heshima ileile inayopewa nyimbo za mahali pengine popote. Sasa wimbo mzuri kuliko yote ulikuwa unamfia mikononi.

Jumamosi alikwenda Muleba kumbembeleza. Alimkuta Joviana katikati ya kibanja cha migomba, ndani ya nyumba ya mama yake, akitandaza nyasi mbichi sakafuni sebuleni kwa ajili ya Jumapili, kama ilivyo desturi ya Wahaya. Gozbert alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hata kwao Kanazi walifanya hivyo.

"Kasinge waitu," alimsalimu bibi.

Kokwijuka alimpa kahawa ya kutafuna, akamkagua. "Huyu ndiye anayekufunga mguu?" aliuliza kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani.

"Ndiye huyo, Mama!"

"Ana sura ya upole. Nilidhani ni polisi."

Gozbert aliinamisha kichwa, akicheka kwa aibu. Bibi akamwamuru bintiye aimbe. Joviana akakaa, pekupeku, akaanza. Kisigino kikashuka juu ya nyasi, kizito na laini, na sauti ikapanda juu yake bila kujilazimisha. Ulikuwa wimbo mwingine kabisa. Lakini kilichomshika Gozbert ni mkono wa bibi. Kokwijuka alikuwa ameegemea mbele na kuweka kiganja chake juu ya goti la bintiye, na kila kisigino kiliposhuka, alitikisa kichwa. Alikuwa anausikiliza wimbo kwa mkono.

"Mawe, mama wee!" Gozbert alinong'ona. "Na mimi ndiye niliyekuwa naukata mguu huo."

Jumatatu walirudi Rwamishenye na magunia mawili ya nyasi. Mwenye nyumba, Mzee Jagdish, alitoka dukani kwake, akafuata majani yaliyodondoka hadi mlangoni.

"Gozbert! Nimekupangisha studio au zizi?"

"Studio, mzee."

"Na ng'ombe yuko wapi?"

"Ni mimi, mzee," Joviana alijibu akiwa ndani. "Karibu, ila viatu viache nje."

Mzee Jagdish alitazama viatu vyake, akatazama nyasi. "Kwa jirani zetu akina Kahangwa tulikuwa tunavua hivi hivi kila Krismasi," alisema, akavivua na kukaa kwenye kona.

Gozbert alisogeza maikrofoni moja chini kabisa, karibu na kisigino. Joviana aliona, akainua nyusi.

"Umeacha kuuogopa?"

"Piga tu, dada."

Aliimba mara moja. Hawakurudia. Wimbo ulipokwisha, Mzee Jagdish alikuwa ameshika soksi zake mkononi wala hakukumbuka alizivua saa ngapi.

Wiki hiyohiyo Gozbert alibeba spika hadi Muleba, akaiweka chini juu ya nyasi. Joviana hakuimba; alisimama mlangoni akijitafuna kucha. Kokwijuka alitega sikio, akakunja uso. Gitaa lilimpita. Kisha akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya spika, na kichwa chake kikaanza kutikisika taratibu.

"Joviana," aliita, macho yakiwa kwenye spika, "ni mguu wako huu."

"Ndiyo, Mama."

"Basi kaa chini. Wanisimamia nini wakati nakusikiliza?"