Kitambaa cha Luba

Mke wangu Luba hajawahi kunificha kitu, isipokuwa mahali anapookota uyoga. Hapo, jamani, nimeoa ukuta. Kila vuli anaingia msituni na kikapu kitupu, anarudi nacho kimejaa, na nikimuuliza kautoa wapi, jibu ni lile lile: "Msituni." Kama vile nilidhani sokoni! Wala si yeye peke yake. Kijijini kwetu mtu atakuazima farasi wake, atakulelea wanao, lakini pa uyoga wake hapataji hata kwa padre akitubu.

Basi wakaja watu wa mbao. Eti misonobari iliyokauka nyuma ya kijiji imeliwa na wadudu, wiki ijayo mashine zinaingia kufyeka. Luba hakulala. Msitu ule haukupandwa na mtu. Babu wa babu zetu waliukuta hivyo hivyo, miti imeangukiana, inaoza kwa raha zake. Watu wa hifadhi wakatuambia ukataji utasimamishwa kwa jambo moja tu: aonekane kigogota wa vidole vitatu, ndege adimu anayetoboa miti mikavu, anaishi mle.

"Yupo," Luba akasema, kisha akauma mdomo. "Ana tundu lake."

"Wapi?"

Akashika ufagio, akaanza kufagia. Nikaelewa. Ndege mpumbavu yule kajenga juu ya uyoga wa mke wangu.

Akaja mkaguzi wao, Bi Kornelia, na darubini yake shingoni. Luba akatoa vitambaa vya kichwa.

"Mama, hiki cha nini?"

"Cha macho. Geuka."

"Mimi ni mkaguzi wa serikali!"

"Na nani kakataa? Geuka."

Nilicheka hadi nilipoona cha pili ni changu.

"Luba! Mimi mumeo!"

"Ndiyo maana. Wewe una mdomo."

Akatuburuta. Kijito kile kile tulikivuka, tukakivuka tena, maji yakaingia kwenye viatu. Nikamsikia Bi Kornelia akiupamia mti wa mwaloni, akasema, "Samahani, mzee." Nikajibu mimi, "Bila samahani," maana mwaloni haukuwa na adabu.

"Haya, fungueni," Luba akasema mwishowe. "Mtazame juu tu. Atakayetazama chini namfunga tena."

Tukatazama juu. Kwenye msonobari mkavu, kigogota mwenye utosi wa njano alikuwa akigonga bila kutujali. Bi Kornelia akaanza kulia kwa furaha, shingo kaikunja nyuma.

Hapo vichaka vikatikisika, akatokea jirani yetu Bazyli na kikapu chake, akitembea kinyumenyume ili ahakikishe hafuatwi. Akampiga Luba kikumbo cha mgongo.

"Wewe! Unafanya nini pangu?" Bazyli akafoka.

"Pako? Hapa pangu tangu enzi za marehemu mama! Miaka yote nasema konokono wananimalizia uyoga, kumbe konokono ni wewe!"

"Konokono mwenyewe!"

"Tulieni!" Bi Kornelia akapaza sauti, macho bado juu, maskini. "Nikimwandika ndege huyu, mashine haziingii. Lakini patakuwa hifadhi kamili. Hakitoki kitu humu. Hata uyoga."

Bazyli akakikumbatia kikapu chake. Luba akatazama chini, yeye aliyetukataza. Uyoga ulikuwa umejaa kwenye kuvumwani ya kijani, laini kama zulia, vichwa vya kahawia, vinono, ule ule mama yake aliomfundisha kuukata bila kuumiza mzizi. Nilitaka kumwambia twende zetu nyumbani, nikaogopa.

"Andika," akasema. "Andika upesi kabla sijapata akili."

Mashine hazikuja. Na sasa hakuna msitu unaolindwa kama ule: kila alfajiri Luba anakaa upande huu wa mpaka, Bazyli upande ule, kila mmoja akihakikisha mwenzake haingii.

Mkesha wa Krismasi tulikunywa supu ya bitiruti, ile ambayo kwetu lazima iwe na uyoga, safari hii bila hata chembe.

"Umekasirika?" Luba akaniuliza.

"Sana! Tangu unioe... tangu nikuoe, naomba nionyeshwe mahali pale. Nimekuja kuonyeshwa siku ambayo hata kuinama ni kosa."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu nikaona si kicheko tena. Nikamsogezea kitambaa chake cha kichwa, ajifute.