Usiguse Ufunguo

Mke wa dereva wa teksi alipofariki, simu yake iliibwa msibani, maana wezi hawana haya. Sauti yake ikabaki mahali pamoja tu duniani: ndani ya redio ya gari. Aliwahi kujirekodi akiimba, akauhamishia wimbo humo ili mumewe asisinzie barabarani.

Lakini redio ile iliutoa wimbo kama unaimbwa ndani ya mtungi. Mama mkwe, ambaye masikio yake yameshachoka, aliusikiliza akatikisa kichwa. Alisema anasikia mngurumo tu, mwanawe hamsikii, na anatamani kumsikia hata neno moja kabla hajafumba macho.

Dereva akaipeleka kwa fundi, naye akasema redio haina ubovu, programu yake ndiyo imezeeka. Akampa flashi yenye programu mpya, akamtaka kwanza autoe wimbo humo, auhifadhi kwingine. Walihangaika bure: redio ile ilijua kupokea, kutoa haikujua. Basi, alisema fundi, wimbo hautafutika, mradi gari liwake tangu programu ianze kuingia hadi iishe.

"Ukizima katikati, umeua," alimwambia. "Hata aje nani, usiguse ufunguo."

Dereva akaenda kuegesha nje ya geti la mkwewe, aliyekuwa akingoja kumsikia mwanawe, akachomeka flashi. Mstari ukaanza kutambaa kwenye kioo cha redio, ukafika nusu, ukapita nusu. Moyo wake ukatulia kidogo.

Sasa, dereva huyu alikuwa na adabu zake, na adabu hizo alifundishwa na marehemu: mama akitokea, zima gari, shuka, inama. Tangu siku ya posa hajawahi kumsalimia mkwewe injini ikinguruma. Geti likafunguka, bibi akatoka na mkongojo wake, amevaa nguo yake ya kutokea. Mkono wa dereva haukuisubiri akili. Alizima, akashuka, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yuko tayari?"

Hapo ndipo alipokumbuka. Aliwasha gari, akachomoa flashi, akairudisha. Kioo kikabaki cheusi. Alipompigia fundi, fundi akamwambia atafute redio nyingine. Kilichokuwa humo ndiyo basi tena.

Bibi alikuwa ameshaketi kiti cha mbele, sikio limegusa spika.

"Ongeza sauti kidogo, baba," alisema bibi.

Dereva akakizungusha kitufe, akaongeza.