Ugonjwa Uliolazwa Usingizi

Mvua zilipokatika, ng'ombe wa Njidda walianza kukohoa. Walisimama wamenyoosha shingo, wakivuta pumzi kama wanaokopeshwa hewa. Njidda hakuwa mjinga. Alijua ni homa ya mapafu, ile iliyommalizia babu yake kundi zima. Akaenda sokoni Dakoro kimyakimya, akanunua chupa za dawa ya njano, akawachoma sindano mwenyewe. Wachache walikufa. Waliobaki wakainua vichwa, na Oole, jike wa rangi ya asali aliyewalea watoto wote wa pale kwa maziwa yake, akanenepa tena hadi manyoya yakang'aa.

Bwana mifugo alipopita na pikipiki yake, Njidda alimwambia aliyekohoa ni mmoja tu. Hata hivyo akaambiwa maneno ambayo bora asingeyasikia. Dawa ya njano ya sokoni mara nyingi huulaza tu ugonjwa, haiutoi. Ugonjwa hujikunja ndani ya pafu ukawa donge, ukangoja baridi au njaa uamke. Ng'ombe aliyeponea sindano achinjwe, akasema, asichanganywe na wa watu. Njidda akamkaribisha maziwa, akamshukuru sana, na hakuchinja. Angechinja wangapi, na wote walichomwa? Na habari ikivuja, nani angemruhusu kunywesha kisimani? Nani angepokea ng'ombe wake wa mahari?

Ndipo Buuba akaja. Huyu alikuwa mtoto wa shangazi yake, mtani wake tangu wakichunga ndama pamoja. Wanyang'anyi walikuwa wamemswagia karibu kundi lote, wakamwachia majike wasiojaza hata kivuli cha mti. Alikaa mkekani, akanywa maziwa, hakutaja shida yake. Mfulani aliyefilisika haombi ng'ombe; hukaa tu, na mwenye macho huona. Mwenye kundi humfungia kamba jike wa habbanae, akae naye hadi amzalie ndama watatu, kisha mama arudi kwao na ndama wabaki.

"Ng'ombe wanang'aa, wewe umekauka," Buuba alimtania. "Siku hizi wao ndio wanakukamua wewe, mtumwa wangu?"

Njidda alicheka, akamwongezea maziwa. Kumpa kulikuwa kumuua. Kumnyima nako kulikuwa kusema, maana hakuna anayemnyima mtoto wa shangazi yake bila sababu, na watu wangeitafuta hiyo sababu mpaka waipate.

Jioni mkewe, Kumbo, alimfuata walikofungwa ndama.

"Mwambie ukweli, Baba Penda."

"Nikimwambia yeye nimekiambia kisima kizima."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Oole amepona. Si huyo hapo, mtazame."

Kumbo hakumtazama ng'ombe. Alimtazama yeye, kisha akachukua kibuyu chake akaondoka.

Asubuhi Njidda alimfunga kamba Oole, aliye bora kuliko wote, kana kwamba ubora wa zawadi ungeufunika ubaya wake. Buuba alilia waziwazi, jambo ambalo mtu mzima wa kwao halifanyi. Njidda aliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yake, lakini kamba akaiachia.

Mwaka ule alisali sana. Kila mgeni aliyetoka upande wa Buuba alimuuliza habari za mvua, za majani, za watoto. Za ng'ombe hakuthubutu.

Walikutana Dakoro msimu wa baridi na vumbi. Buuba alimkumbatia, akamwaga habari zote kwa mkupuo. Oole alikuwa amezaa jike. Baridi ilipoingia alikohoa kidogo, na majike wengine wawili nao wakakohoa. Mmoja akafa, lakini Buuba hakubabaika: alikumbuka kuona chupa za njano kwa Njidda, akanunua kama zile, akachoma, na sasa walikuwa wanang'aa. Na kwa kuwa wema hauozi, naye alikuwa ametoa habbanae: jike mmoja kwa shemeji yake kaskazini, mwingine kwa mjane jirani. Njidda aliwajua wote wawili. Wote walinywesha kwenye visima vya watu wengi.

Kisha Buuba akaacha kucheka.

"Njidda," akasema, na tangu utotoni hakuwa amemwita kwa jina bila kumtukana kwanza. "Yule aliyekufa nilimpasua. Pafu lilikuwa gumu, limegandamana na mbavu. Watu wananinong'oneza maneno. Nikawaambia Njidda ni damu yangu, kungekuwa na jambo angeniambia." Akamsogelea. "Ungeniambia, si ndiyo?"

Nafasi bado ilikuwepo. Wale majike wangeweza kurudishwa kabla joto halijayakutanisha makundi visimani. Maneno machache tu yangetosha, na Njidda alikuwa nayo mdomoni. Lakini uso wa Buuba ulikuwa unamwomba jibu moja tu, na umeshaanza kuliamini.

"Ningekwambia," akasema.

Buuba akashusha pumzi, akamshika mkono kama walivyoshikana wakiwa wadogo, akamvuta kuelekea kwa muuza dawa. Alitaka amchagulie chupa nzuri, kwa sababu asubuhi ile ndama wa Oole alikuwa ameanza kukohoa.