Gari la Kijani Lina Mtu

Saa nne asubuhi siku ya Jumanne, mshona sare za shule alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya duka la magari, akipima buti kwa utepe aliozoea kupimia mabega ya watoto. Mumewe, fundi saa, alikuwa pembeni kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi mapajani, akimwangalia.

Walikuwa na magari mawili ya kuchagua, yote madogo, yote ya umeme, na bei zilipishana kidogo tu. Jeupe lilikwenda kilomita mia mbili na kumi kwa chaji moja, ila kiti hakikuingia kwenye buti mpaka kifunguliwe magurudumu. La kijani lilimeza kiti kizimakizima, lakini lilikwenda kilomita mia na hamsini tu, tena kwa mwendo wa pole.

Hawakuwa watu wa kupenda magari. Figo za fundi saa zilikuwa zimechoka, na mara tatu kwa wiki ilibidi apelekwe hospitali, kilomita sitini na tano, akalazwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Gari lao la zamani lilitetemeka na kutoa moshi hata humo ndani, na kila safari mgonjwa alifika ametapika.

"Haya hayatetemeki," alisema muuzaji, mama wa makamo aliyevaa raba chini ya gauni la kazi. "Yajaribuni yote mawili. Gari ni kama kiatu, huwezi kulijua kwa macho."

Walianza na jeupe. Lilikwenda kimya kimya, na fundi saa akasinzia mdomo wazi. Mkewe aliporudisha gari dukani alikuwa ameshaamua.

Wakajaribu la kijani kwa ajili ya kukamilisha tu. Walipofika kwenye mzunguko wa pili, fundi saa akainua kidole. Alikuwa na miaka arobaini ya kusikiliza vitu vidogo.

"Hebu zima feni," alimwambia mkewe.

Akazima.

"Kuna mtu anachimba."

Wakasikiliza wote. Chini ya kiti cha nyuma, sululu ilikuwa ikipiga jiwe. Mapigo matatu, kimya kidogo, mapigo matatu.

"Ndiyo, hili lina mtu," alisema muuzaji aliyekaa kiti cha nyuma, kama anayesema lina tairi la akiba. "Madini ya betri yake yanatoka kwenye yale mashimo marefu ya migodi. Magari mengine yana mtu, mengine hayana. Wateja wengi huwasha redio."

Mshona sare hakuwasha redio. Alipunguza mwendo, kwa sababu katikati ya mapigo yale mtu alikuwa akipiga mluzi, na mluzi ule ulivuja hewa upande mmoja. Alimjua mtu mmoja tu aliyepiga mluzi wa namna hiyo. Alivunjika jino akifungua soda kwa meno, na yeye, dada yake, ndiye aliyemshonea kitambaa cha kufutia damu.

"Wewe?" akauliza.

Sululu ikanyamaza.

"Dada," sauti ikasema. "Taratibu kwenye matuta. Vumbi lote linanijia mimi."

Mdogo wake alikwenda mashimoni miaka kumi na tisa iliyopita, akiwa na miaka ishirini na miwili na mfuko wa nguo mbili. Mwaka uliofuata ilikuja bahasha ya kampuni iliyomwajiri. Ndani mlikuwa na karatasi yenye mistari miwili, iliyosema kwamba mfanyakazi huyo ameacha kazi kwa hiari yake na kampuni haijui aliko. Mama yao aliisoma mara tatu, akaikunja, akaitia kifuani. Tangu siku hiyo jina la kijana halikutajwa tena nyumbani. Mama aliamini kwamba mwanawe amepata maisha mazuri mahali fulani na amemtupa, na kwa imani hiyo akafa.

"Uliacha kazi?" mshona sare akauliza.

"Niiache niende wapi? Nilikuwa chini. Saa nane na robo mchana mlima ukatukalia. Tulikuwa kumi na mmoja." Akakohoa. "Mama hajambo?"

Fundi saa ndiye aliyejibu. "Mama ametangulia, shemeji. Ni miaka kumi na miwili sasa."

Gari likapita maduka mawili na kituo cha mafuta.

"Nani huyo anayeniita shemeji?"

"Mume wangu," mshona sare akasema.

"Yule fundi saa? Aliyekuwa anakuja kutengeneza saa ambayo haijaharibika?"

"Huyo huyo."

"Loo. Basi alipata alichokifuata."

Muuzaji alikohoa kidogo, akawakumbusha kwamba muda wa kujaribu gari ni dakika ishirini.

Dukani, mshona sare alikaa mbele ya meza yenye fomu ya ununuzi na kushika kalamu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Tunachukua jeupe," akasema.

"La kijani," akasema mumewe.

"Baba, kwenda na kurudi ni kilomita mia na thelathini, na vilima vyote vile. Hospitali hakuna pa kuchajia. La kijani likituzimikia njiani?"

"Likizima tutakaa."

"Na wewe ukikosa mashine siku moja tu miguu inajaa maji. Siwezi kukuweka wewe rehani kwa ajili ya ndugu yangu."

"Hujaniweka. Nimejiweka mwenyewe." Fundi saa aliivuta ile fomu mpaka magotini pake. "Miaka minne unanibeba mgongoni na hujawahi kuniambia umechoka. Niache nichague kitu kimoja. Likizima, tutakuwa watatu tunaosubiri."

Muuzaji akawapa kalamu nyingine, kwani ile ya kwanza ilikuwa imekauka.

Jumatatu iliyofuata, mshona sare alikwenda kwenye ofisi ya kampuni, jengo la vioo lenye zulia la kijivu. Karani wa kumbukumbu alikuwa mtu mwenye adabu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua faili, akashuka naye hadi kwenye maegesho, kwenye gari la kijani. Akaingia kiti cha nyuma na kufunga mlango ili asikie vizuri.

"Namba yako ya kazi?" karani aliuliza.

Sauti ikaitaja, tarakimu sita, bila kusita.

"Ndiyo yenyewe," karani alisema, akaweka alama kwa penseli. "Jina la msimamizi?"

Nalo likatajwa, na karani akasema ni sawa pia, msimamizi huyo sasa amepanda cheo, yuko ghorofa ya tano. Kisha akafungua ukurasa uliofuata. Ukurasa ulisema kwamba siku ile, saa nane na robo mchana, watu kumi na mmoja walikuwa wameacha kazi kwa hiari.

"Wote kwa wakati mmoja?" mshona sare akauliza.

"Hutokea."

"Lakini si umemsikia mwenyewe?"

"Nimemsikia, mama. Sina shaka naye hata kidogo. Ila marekebisho ya faili huombwa na mfanyakazi mwenyewe, kwa sahihi yake."

"Mikono yake iko chini ya mlima."

Karani alifikiri. Alionekana mtu anayetafuta njia kweli. "Basi fomu haitasainika," akasema. Akashuka, akawatakia safari njema, akafunga mlango wa gari polepole ili asimsumbue aliyemo.

"Ameandika nini?" ndugu akauliza.

"Vilevile."

Sululu ikaanza tena. Mapigo matatu, kimya kidogo, mapigo matatu.

Siku za hospitali zikaendelea. Shemeji wawili walibishana njia nzima kuhusu mpira wa zamani, wakitaja wachezaji ambao wengine wao walishakufa na wengine ni babu za watu, na fundi saa alifika bila kutapika. Ijumaa moja, wakirudi, ndugu aliomba apitishwe makaburini.

Mama alikuwa amekaa juu ya ukuta wa makaburi, amewapa mgongo. Mshona sare alisimamisha gari karibu naye na kushusha vioo vyote.

"Mama, ni mimi," ndugu akasema. "Sikuacha kazi."

"Karatasi waliyoniletea ina mhuri," mama alisema bila kugeuka. "Ya kwako ina mhuri?"

"Sina karatasi, Mama."

"Basi."

Upepo ulipita kwenye majani makavu. Fundi saa alivuta blanketi lake. Mshona sare alikuwa ameshaweka mkono kwenye gia wakati mama aliposema tena, mgongo vilevile:

"Umekula?"

"Bado, Mama."

Mama hakuondoka ukutani. Mshona sare aliangalia kioo cha betri. Zilibaki asilimia ishirini na mbili, na nyumbani kulikuwa kilomita thelathini, za kupanda. Alimtazama mumewe, na mumewe akaitikia kwa kichwa. Akazima gari, wakakaa dakika tano zaidi.