Msipande Mnazi, Msizike

Masharti yalikuwa mawili tu, na Bi Mwanapili, mwenye shamba, aliyatamka kama mtu anayeagiza chumvi dukani.

"Kaeni. Limeni mahindi, limeni mihogo, mwabuduni Mungu wenu kwa raha zenu. Lakini msipande mnazi, na msizike."

Mume wangu Garama akacheka. "Hatukuja kufa, mama. Tumekuja kuhubiri uzima." Alilipenda sana jawabu lake hilo, akawa analirudia huku tukishusha vyombo kwenye lori, hata mbuzi mmoja tuliyekuja naye nadhani alilisikia.

Mimi sikucheka. Sisi ni Waduruma wa Samburu, Samburu yetu ya Kinango, kandokando ya barabara kuu, ambako mvua ni mgeni na mbuzi ndio mali. Huko hatujui minazi. Lakini nani asiyejua kwamba huku Ramisi mnazi ukishaota ni shahidi wa aliyeupanda, na kaburi ni shahidi mkubwa zaidi? Mtu aliyezika mahali hafukuzwi. Utamwambia nini? Fungasha, umwache mama yako?

Kwa nini tulihama? Garama alipewa mzigo. Ndivyo wasemavyo wachungaji: hawasemi "nimechoka hapa", husema "Bwana amenipa mzigo". Mzigo wa Garama ulikuwa wakata miwa wa Ramisi, watu waliotoka kila pembe, wanaokunywa Jumamosi na kulia Jumapili. Wala simdhihaki. Aliwaombea kwa machozi ya kweli kabla hajamwona hata mmoja wao. Na Samburu kwenyewe wachungaji walikuwa wamejaa, kila kichaka kina kipaza sauti.

Aliyekataa kuhama alikuwa mama yake, Kanze. Mwanamke huyu tuligombana naye kwa chumvi, kwa kuni, kwa jinsi ninavyofagia, na bado ndiye mtu aliyenifanya nicheke kuliko wote duniani. Mumewe alizikwa nyuma ya boma, na koma wake amesimama hapo: kijiti cha mti mgumu, kimechongwa kichwa na kiuno, kimefungwa vitambaa. Kwetu marehemu akishapumzika kaburini huchongewa koma, akasimamishwa nyumbani kwake. Ukiwa na jambo la kumwambia, unaenda pale na uji kidogo, unamwambia. Garama alipookoka aliacha kukanyaga pale. Mama yake hakuacha. Kila asubuhi alimwamkia mumewe, kisha anakuja kunilalamikia mimi.

Garama akamhubiria habari za Ibrahimu, aliyeambiwa aache nchi yake na jamaa zake, akatii.

"Ibrahimu alikuwa na ngamia," Kanze akasema. "Mimi nina magoti."

Mwisho alikubali, kwa sababu kati ya wanawe wawili ni Garama aliyemtegemea, na mjukuu wa kumpenda alikuwa mmoja, Caroline wetu. Siku ya kuondoka alimwita Garama mbele ya kaburi la babake, akamtemea mate ya baraka kifuani. "Nikifa, nirudishe hapa. Sema ndiyo."

"Ndiyo, mama."

Akanigeukia. "Umesikia, mkaza mwanangu? Huyu amepewa mdomo. Wewe umepewa masikio."

*

Kanisa lilianza chini ya turubai, likawa la mabati. Wakata miwa walikuja na masizi ya mashamba yaliyochomwa yakiwa bado shingoni, wakaimba kama watu wanaodaiwa pumzi. Garama aliwatembelea mashambani, akawatoa pombeni mmoja mmoja, akawapatanisha na wake zao. Ilikuwa kazi njema. Naisema hivyo ili ieleweke kwamba mume wangu hakuwa tapeli. Tapeli ningemwacha mapema.

Bi Mwanapili, Mwislamu wa swala tano, alikuwa akituletea nazi, na Kanze akimpelekea maziwa ya yule mbuzi. Walikuwa wakikaa barazani kwake, mmoja na Kidigo chake, mwingine na Kiduruma chake, lugha zenyewe ndugu, wakiwasengenya wana wao na wakwe zao. Nilisengenywa vya kutosha. Caroline alikuwa akinipa habari zote.

Kisha Feisal, mwana wa Bi Mwanapili anayefanya kazi hotelini Diani, akaja na watu wenye viatu visivyo na vumbi. Walitembea kutoka mpaka hadi mpaka. Wakalitazama kanisa letu kama unavyotazama kichuguu unachotaka kukisawazisha. Feisal hakuficha: alitaka mama yake auze, zijengwe nyumba za wageni. Bi Mwanapili alisema bado anafikiri. Tangu siku hiyo Garama akakosa raha. Alihubiri juu ya Yeriko kila Jumapili.

Katika siku hizo ndipo kifua cha Kanze kilipoziba. Tulimpeleka hospitali, wakafanya waliloweza, akafa alfajiri amenishika kidole kimoja. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Vitambaa viwe vyeupe, si vile vyako vya kufutia sufuria." Nilicheka. Hajamaliza kunichekesha, akafa.

Gari la kwenda Samburu lilikuwapo. Muumini mmoja mwenye pikapu alishajitolea, ameshaitandika na majani. Nilikuwa nafunga nguo za Kanze nilipowasikia vijana wa kanisa wakichimba nyuma ya mabati. Nikamfuata Garama.

"Wanachimba nini?"

Hakunitazama. "Mama atapumzika hapa. Kwa Bwana hakuna Samburu wala Ramisi. Mwili ni udongo tu, Jumwa. Roho imeshakwenda."

"Ulimwambia ndiyo."

"Nilimwambia ndiyo nikiwa bado nafikiri kama wao."

"Wao nani? Wewe ulikuwa umeokoka hata siku ile. Sema ukweli. Feisal anauza, na wewe unatafuta shahidi."

Ndipo akanitazama, na macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amemlilia mama yake, hilo silikatai. Mtu anaweza kumlilia mama yake huku akimtumia. "Watu wale hawana pengine," akasema. "Wakifukuzwa hapa watarudi kwenye pombe. Mama angekuwa hai angekubali."

"Angekuwa hai asingezikwa! Na Ibrahimu wako, Sara alipokufa, alifanyaje? Alipewa kaburi bure akakataa. Akaomba kwa wenye nchi, akanunua mbele ya watu wote. Hakumzika mkewe kwa kuvizia."

Akatoka. Mume wangu akishindwa kwa maneno hutoka.

Kaburini nikasema tena, mbele ya kanisa zima, mchanga ukiwa mkononi mwangu. Nikasema marehemu alitaka kwao, na alimwapisha mwanawe. Garama akasema kwa sauti ya upole, ile anayowawekea wagonjwa, "Mke wangu amechoka. Amemuuguza mama kwa muda mrefu." Akaanzisha wimbo. Wimbo ukiimbwa na watu wengi hakuna mtu anayeweza kubishana nao. Nilishikwa mkono nikaondolewa kama mlevi.

Bi Mwanapili alikuja jioni na sinia la wali. Alitukuta tumekaa kwenye mkeka. Akasema, "Poleni na msiba. Mola awape subira." Akaenda nyuma ya mabati peke yake, akasimama pale na buibui lake, akarudi. Nilisubiri atutukane. Nilitamani atutukane.

"Rafiki yangu amelala," akaniambia, "lakini hajatua." Akachukua sinia lake tupu, akaenda.

*

Kwa desturi mtu huota. Marehemu humjia mtu wake ndotoni, anamwambia nina baridi, nina njaa, nisimamisheni, na hapo ndipo koma huchongwa. Mimi sikuota kitu. Ningeota ningekuwa na kisingizio. Nilikuwa macho, na akili zangu timamu, na nilikuwa na hasira iliyonifanya nishindwe kumeza chakula. Nikamwambia Garama naenda kumjulia hali shemeji yangu. Nikapanda gari la Samburu.

Chome, ndugu mdogo wa Garama, hakuniuliza mengi. Alikuwa hajaokoka, na alikuwa hajamsamehe ndugu yake kwa kumzika mama bila kumwita. Aliukata mti, akauchonga, akauchonga tena kwa sababu nilimwambia kiuno si chake, mama alikuwa na kiuno kipana zaidi. Mimi nilirarua kitambaa cheupe. Kilikuwa kipya, sikufutia sufuria.

Tukamsimamisha kando ya mumewe. Nikapika uji, nikaumwaga kwa mkono wangu, mkono huu huu unaopanga vikombe vya meza ya Bwana. Nilijua ninachofanya. Kanisani kwetu mtu akifanya hivyo hutengwa, na mke wa mchungaji je? Nikasema, "Mama, umefika. Umenichosha." Nikalia mpaka Chome akaondoka kwa aibu.

Garama sikumwambia. Aliniuliza habari za nyumbani, nikasema njema. Na kweli zilikuwa njema.

*

Feisal akapeleka kesi kwa naibu chifu ili tutolewe. Wazee wa Kidigo upande mmoja, wa Kiduruma upande mwingine, Feisal na makaratasi yake katikati, na kanisa letu lote nje ya dirisha, wakata miwa wamevaa mashati ya Jumapili. Garama alisimama.

"Mama yangu mzazi amelala pale," akasema. "Atakayenitoa aje kwanza aniambie nimwache na nani."

Feisal mwenyewe akayafunga makaratasi. Hakuna mzee wa pwani, awe wa msikitini au wa kaya za jadi, mwenye jibu la neno hilo. Niliwaona waumini dirishani wakibana mikono kwa furaha. Mmoja wao mume wangu alimtoa mtaroni kwa mikono yake. Niliwapenda wale watu.

Bi Mwanapili akainuka polepole. "Mimi sina ugomvi na rafiki yangu. Akae mpaka Kiyama. Ila nauliza: mwenye kaburi amesimamishwa? Koma wake yuko wapi?"

"Sisi tumeokoka," Garama akasema. "Hatuna mambo hayo."

"Najua huna. Nawe sikukuuliza. Uji wa koma hupikwa na mkaza mwana." Akanigeukia, na sauti yake ikawa ya barazani, ya alasiri zile. "Jumwa mwanangu. Mama yako yuko wapi?"

Ningeweza kusema yuko Ramisi. Neno moja, na kanisa lingebaki, na wale dirishani wangekuwa na pa kuimbia. Garama alinitazama kwa uhakika wote wa mtu ambaye hajawahi kuambiwa uongo na mkewe. Nikainuka.

"Yuko Samburu," nikasema. "Nilimpeleka mwenyewe. Amesimama kando ya mumewe."

Wazee wakaguna wote pamoja. Waduruma ndio waliotangulia kuinuka. Mwenyewe amekwisha kurudi kwao, wakasema. Lile la nyuma ya mabati ni shimo lenye mifupa, halimshikii mtu ardhi. Hukumu ikawa hiyo: tuvune mahindi yetu, tuondoke.

Nje, yule wa mtaroni aliniuliza, "Mama mchungaji, kwa nini?" Nikapita. Wiki ile ile alionekana amelala mtaroni tena. Hilo nalo ni langu, nalibeba.

Garama alinitenga mwenyewe, madhabahuni, kwa sauti isiyotikisika. Nyumbani hakunipiga, hakunitukana, hakuzungumza nami kabisa. Mahindi yakakauka, tukavuna. Wapima ardhi wakaja na vigingi vyao vyenye utepe mwekundu, kimoja wakakipiga hatua chache kutoka kaburini.

Siku ya lori nilipakia vyombo na Caroline, na mbuzi. Garama hakuonekana. Nikamkuta nyuma ya mabati, au pale palipokuwa na mabati, amepiga magoti kwenye majani yaliyoanza kuota juu ya kaburi. Mchungaji wa watu, amepauka vumbi.

"Tumwache na nani?" akaniuliza. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu tulipotoka kwa naibu chifu, na safari hii hakuwa akimshinda mtu.

Nilikuwa na jawabu. Nilikuwa nimemwekea tangu siku ya mazishi: mwili ni udongo tu. Lilifika mpaka kwenye meno, nikalimeza.

"Hayupo hapa, baba Caroline," nikasema. "Ameshakwenda nyumbani."

Akaweka kiganja juu ya mchanga. "Basi mbona mimi namwona hapa?"

Dereva akapiga honi, akapiga tena. Garama hakuinuka.